Kiingereza kilichopitia Malgudi

Mzee Muni hana Kiingereza zaidi ya "yes" na "no". Mmarekani aliyesimama mbele yake hana hata neno moja la Kitamil. Wamekutana kando ya barabara kuu, nje ya kijiji kidogo kiitwacho Kritam, kusini mwa India, penye sanamu kubwa ya farasi wa udongo. Gari la Mmarekani limezima kwa kuishiwa petroli. Muni zamani alikuwa mtu wa mifugo arobaini, mbuzi na kondoo. Sasa amebakiwa na mbuzi wawili wakondefu. Asubuhi hiyo ametamani mchuzi wa maganda ya mlonge, akayaangusha kutoka kwenye mti ulio mbele ya nyumba yake, lakini mkewe akamwambia ndani hakuna dengu wala pilipili, aende dukani akakope. Dukani akanyimwa na kuchekwa juu yake. Kwa hiyo anakaa chini ya sanamu akiwa na njaa, na mgeni anayeshuka garini amevaa kaki.

Kaki hiyo ndiyo inayoanzisha balaa. Muni anadhani huyu ni askari aliyekuja kuulizia maiti iliyookotwa karibu na kijiji wiki chache nyuma, basi anaapa kwa kila kitakatifu kwamba hajui lolote. Mgeni anampa kadi yake ya biashara. Muni anashtuka, anaona ni hati ya kumkamata. Mgeni anasimulia shughuli zake za kahawa huko New York na siku umeme ulipokatika akakwama ghorofani. Muni naye anasimulia habari za farasi: zama hizi za uovu zikifika mwisho, atapata uhai na kuwakanyaga wabaya wote. Mwishowe mgeni, ambaye muda wote amekuwa akiitaka sanamu, anatoa rupia mia. Muni anaamini mbuzi wake wamepata mnunuzi. Anazipokea, anawaacha mbuzi pale pale na kwenda nyumbani kwa furaha. Mgeni anasimamisha lori, anasaidiwa kuing'oa sanamu, anaondoka nayo. Usiku mbuzi wanarudi wenyewe na kulia mlangoni, na mke wa Muni, ambaye alishaanza kushuku kwamba mumewe kaiba, sasa ana ushahidi.

Hadithi hiyo ni A Horse and Two Goats, nayo imeupa jina mkusanyiko wa R. K. Narayan wa mwaka 1970. Anayezaliwa na Kiingereza chake huisoma akacheka, akafunga kitabu. Sisi tuliokipata Kiingereza darasani tuna jambo jingine la kuangalia humo. Muni anazungumza Kitamil, lakini ukurasani maneno yake yametokea kwa Kiingereza, na Narayan hakumpa Kiingereza cha kuungaunga. Amempa Kiingereza kirefu chenye utani, chenye malalamiko ya mzee asiyejaliwa mtoto, chenye visa vya Mahabharata. Mmarekani, mwenye lugha yake, ndiye anayesikika kama mtu anayesoma kipeperushi cha watalii. Mchungaji wa mbuzi asiyejua kusoma ana lugha tajiri kuliko mfanyabiashara. Mwandishi angeweza kabisa kumfanya Muni kichekesho, kama sinema nyingi zilivyowafanya "wenyeji" waongee kwa vitenzi visivyo na nyakati. Hakufanya hivyo.

Kwa mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akafunga shule Desemba, kisha Januari akaingia kidato cha kwanza na kukuta jiografia, baiolojia na hata historia ya babu zake zimegeuka Kiingereza, jambo hilo si dogo. Tulifundishwa kwamba asiyejua Kiingereza hana la kusema. Darasa zima lilikaa kimya kwa muhula mzima na walimu wakadhani hatuna mawazo. Vitabu vya ziada tulivyopewa, kama Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vilitufaa sana, navyo vilikuwa na watu tunaowajua. Baada ya hapo ngazi ilikatika. Kutoka kwa Hawa na basi lake hadi kwa waandishi wa Uingereza wa karne ya 19, wenye sentensi inayoanzia juu ya ukurasa na kuishia chini, palikuwa na shimo. Wengi wetu tulitumbukia humo, na mpaka leo tunasoma Kiingereza cha barua za ofisini na maelekezo ya dawa tu.

Mimi shimo hilo nilivushwa na Wahindi. Malgudi Days ya Narayan niliipata kwa wauza vitabu vya mtumba, haina jalada la nyuma, na kwa muda mrefu sikujua hata kwamba Malgudi, mji wa hadithi zake, haipo kwenye ramani.

Narayan alizaliwa Madras, ambayo sasa ni Chennai, mwaka 1906, na akaishi sehemu kubwa ya maisha yake Mysore. Kitamil kilikuwa lugha ya nyumbani, Kikannada lugha ya mji, Kiingereza lugha ya shule. Mtihani wa kuingia chuo kikuu alifeli mara ya kwanza. Riwaya yake ya kwanza, Swami and Friends, ilikataliwa na wachapishaji mmoja baada ya mwingine, hata akamwandikia rafiki yake aliyekuwa Oxford kwamba aufunge mswada jiwe na kuuzamisha mtoni Thames. Rafiki hakutii. Aliupeleka kwa mwandishi wa Uingereza Graham Greene, na Greene akaupenda, akautafutia mchapishaji, akashauri hata jina refu la mwandishi lifupishwe ili wanunuzi wa London waweze kulitamka. Kitabu kikatoka mwaka 1935. Kwa hiyo yule anayetajwa leo miongoni mwa mababa wa fasihi ya India kwa Kiingereza aliingia kwa mlango wa nyuma, tena kwa hisani ya rafiki mkaidi.

Ukimsoma, jambo la kwanza unaloliona ni wepesi wa sentensi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuzifuata nyingi bila kamusi. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Shashi Tharoor, mwandishi na mwanasiasa wa India, aliandika baada ya kifo cha Narayan mwaka 2001 kwamba Kiingereza chake ni bapa, hakina mnofu, hakionyeshi kwamba mwandishi aliipenda lugha aliyoiandikia. Naelewa lawama hiyo, ila siikubali. Tharoor ni fundi wa maneno makubwa, na fundi wa maneno makubwa huona ukimya kuwa ni umaskini. Anayejifunza lugha anaona kitu kingine: kwamba uzito wa hadithi unaweza kukaa mahali pengine kabisa, mbali na msamiati.

Chukua An Astrologer's Day. Mnajimu wa uongo anatandika vitu vyake chini ya mkwaju, kwenye njia inayokatiza bustani ya ukumbi wa mji: simbi kadhaa, kitambaa chenye michoro isiyoeleweka, daftari, majivu na rangi nyekundu usoni. Taa ya mji haipo. Anategemea mwanga wa wafanyabiashara wenzake, akiwemo muuza karanga ambaye kila siku anaipa bidhaa ile ile jina jipya, leo aiskrimu ya Bombay, kesho lozi za Delhi. Aliyewahi kupita Kariakoo jioni hahitaji maelezo zaidi. Mapema kabisa, katika sentensi inayopita kama haina maana, Narayan anatuambia kwamba mnajimu huyu aliondoka kijijini kwao bila kumuaga mtu, wala hakutulia mpaka alipoweka maili nyingi kati yake na nyumbani. Kisha anaendelea na mambo mengine.

Msomaji mwenye haraka huipita sentensi hiyo. Mimi niliyekuwa nikisoma kwa kidole, neno kwa neno, nilisimama hapo na kujiuliza: kwa nini asiage? Jibu linakuja usiku, soko linapofungwa. Anatokea mteja mkorofi, anabisha bei, anadai aambiwe ukweli la sivyo arudishiwe fedha zake. Anawasha kiberiti, na katika mwanga huo mdogo mnajimu anauona uso wake. Kuanzia hapo ramli inakuwa ya kweli kuliko zote: uliachwa ukidhaniwa umekufa, ulichomwa kisu, ulisukumwa kisimani, adui yako ameshakufa, amegongwa na lori, rudi kwenu, usije tena huku. Mteja anaondoka ameridhika. Mnajimu anarudi nyumbani na sarafu, mkewe anazihesabu, zinapungua kidogo rupia aliyoahidiwa, naye analalamika kwamba mshenzi yule kampunja. Mke anafurahi kwamba kesho atanunua sukari guru na nazi, amtengenezee mtoto vitamu. Ndipo mume anamwambia kwa maneno machache kwamba kwa miaka yote hii alidhani ameua mtu. Mke anashtuka. Yeye anapiga miayo na kujinyoosha kibarazani, alale.

Hakuna hata neno moja gumu katika ukurasa huo wa mwisho. Ukiutafuta ugumu kwenye kamusi hutaupata. Aliyejaribu kuua amejua leo kwamba si muuaji, na kinachomuudhi ni senti zilizopungua. Hilo ndilo lililonifundisha kusoma, kuliko orodha zote za msamiati nilizowahi kukariri.

Haimaanishi kwamba Wahindi wote waliandika hivyo. Mulk Raj Anand, aliyekuwa wa kizazi kimoja na Narayan, alikichukua Kiingereza na kukijaza matusi na viapo vya Kipunjabi vilivyohamishwa kama vilivyo, mpaka Mwingereza akune kichwa. Raja Rao, katika dibaji ya Kanthapura ya mwaka 1938, alitetea wazi kwamba Mhindi hawezi kuandika kama Mwingereza na wala hapaswi kujaribu, na kwamba mwendo wa maisha ya India lazima uingie katika mwendo wa sentensi. Akatimiza: sentensi zake zinakimbia kama bibi anayesimulia bila kuvuta pumzi. Mwanafunzi wa lugha amsome Rao, lakini amsome baadaye. Anand ana hadithi fupi moja, The Lost Child, ambayo inamfaa hata anayeanza: mtoto yuko sikukuuni na wazazi, anataka kila anachokiona, peremende, maua, puto, nyoka wa mchezaji, hapewi kitu. Anapotea. Mtu mwema anambeba na kumpa kila kile alichokuwa akikililia, naye sasa hataki chochote ila mama na baba. Sentensi zinajirudia kama wimbo wa watoto, na kujirudia huko ni zawadi kwa anayejifunza.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaingia katika vitabu hivi na mtaji ambao Mwingereza hana. Rupia na laki hazimsumbui. Unguja ilitumia rupia hadi miaka ya 1930, na laki bado tunaihesabia kodi ya nyumba. Dobi, chapati, achari, bangili, vyote anavikuta vimekaa katikati ya Kiingereza bila kujieleza, naye anavipita kama mtu anayepita mtaa wa kwao. Halafu kuna sinema. Wazazi wetu waliijua India kwenye kumbi za Dar es Salaam na Unguja, wakijazana kuangalia Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957, na watoto wa leo wanaijua kwa tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili. Sinema ilitufundisha kwamba Mhindi akiumia huimba. Hadithi fupi zinasema anapiga miayo na kulala, na mimi naziamini zaidi.

Yupo pia mtu wa kati, ambaye kwetu ni wa nyumbani. M. G. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akahamia Amerika Kaskazini. Mkusanyiko wake Uhuru Street, wa mwaka 1991, ni hadithi za familia za wenye maduka wa Kihindi katika mtaa ambao hapo awali uliitwa Kichwele. Anaandika Kiingereza, watu wake wanaongea Kigujarati na Kikachi, na Kiswahili kinakatiza humo bila kubisha hodi. Nilipomsoma nilipata mshtuko wa kujiona kwa dirisha la jirani: wapagazi, mayaya, wauza kahawa, sisi wenyewe, tukiwa pembeni mwa hadithi ya mtu mwingine. Si kila tulichokiona humo kinatupendeza. Lakini anayetaka kujua mwenye duka alikuwa akiwaza nini nyuma ya kaunta, asome.

Sasa nimrudie Muni, maana kuna hadithi nyingine ambayo huwa naisoma sambamba na yake. Ni Interpreter of Maladies ya Jhumpa Lahiri, katika mkusanyiko wa jina hilo hilo uliotoka mwaka 1999 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2000. Bwana Kapasi ni dereva wa watalii mwisho wa wiki. Siku nyingine ni mkalimani kwa daktari asiyejua Kigujarati: mgonjwa anamweleza yeye maumivu, naye anayapeleka kwa daktari kwa lugha nyingine. Ujanani Kapasi alikuwa na ndoto za kuwa mkalimani wa mabalozi. Alijifunza lugha kadhaa za Ulaya kwa juhudi zake mwenyewe, zikamtoka moja moja, na sasa anayoitegemea ni Kiingereza. Kazi ya kwa daktari aliikubali mwanawe alipougua homa ya matumbo na bili ikawa kubwa. Mtoto alifariki, kazi ikabaki. Mkewe haipendi kazi hiyo, kwa sababu inamkumbusha.

Leo amewapakia akina Das, mume, mke na watoto watatu, Wahindi waliozaliwa Marekani, kuwapeleka kwenye Hekalu la Jua huko Konarak. Bibi Das anaisifu kazi yake ya ukalimani, anaiona ya kusisimua. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Bibi huyo anampa Kapasi kipande cha karatasi aandike anwani yake ili amtumie picha, na mzee wa watu anaanza kujenga ghorofa kichwani: wataandikiana barua, atamfafanulia India, naye atamfafanulia Marekani. Baadaye wakibaki wawili garini, mama anamtolea siri aliyoificha miaka minane: mmoja wa watoto wale si wa mumewe. Anataka dawa. Si wewe ndiye unayefasiri maradhi ya watu? Kapasi anatafakari, kisha anauliza swali moja: ni maumivu kweli unayoyasikia, au ni hatia? Mama anamtazama kwa dharau na kushuka garini. Mwishoni, karatasi yenye anwani inachomoka mkobani na kupeperushwa na upepo, na anayeiona ni Kapasi peke yake.

Muni na Mmarekani hawakuelewana hata neno, na kila mmoja akaondoka na kile alichokitaka. Kapasi na Bibi Das walielewana kila neno, kwa Kiingereza fasaha cha pande zote mbili, wakaachana wote wamejeruhiwa. Kwa mtu aliyetumia ujana wake kuamini kwamba siku atakayokimudu Kiingereza milango yote itafunguka, hadithi hizi mbili zikisomwa pamoja ni kibano kizuri. Nilikuwa nadhani ukuta ni lugha. Wahindi hawa, ambao wameishi na lugha nyingi katika nyumba moja kwa vizazi vingi, wameshaona kwamba ukuta unaweza kusimama hata pale ambapo sarufi haina kosa.

Ruskin Bond anasema hilo hilo kwa kurasa chache tu. Katika The Eyes Have It, kijana asiyeona yuko peke yake kwenye behewa la treni. Msichana anapandia Rohana, anashukia Saharanpur. Wanapiga soga. Kijana anajitahidi msichana asigundue kwamba haoni, anasifia mandhari ya nje, anamsifia uso. Msichana akishashuka, abiria mpya anamwambia kijana kwamba yule binti alikuwa haoni kabisa. Nimewahi kusikia watu wakiita hadithi hii ya watoto. Bond, aliyezaliwa mwaka 1934 na kuishi kwa miaka mingi kwenye milima ya Landour, kweli amewaandikia watoto wengi. Hii waachiwe wazazi wao pia.

Lahiri mwenyewe aligeuka mwanafunzi. Mama na baba yake walizungumza Kibengali, shule Marekani ikampa Kiingereza, Kiingereza kikampa Pulitzer. Kisha mwaka 2012 akahamia Rome na familia yake, akajizuia kusoma kwa Kiingereza, na mwaka 2015 akatoa kitabu alichokiandika kwa Kiitaliano, In altre parole, kinachohusu kujifunza Kiitaliano. Wahakiki wengine walishangaa: mtu anaachaje lugha anayoitawala kwa lugha anayokosea? Anayejifunza lugha ukubwani hashangai. Kuna uhuru katika kuandika sentensi fupi kwa sababu ndefu huiwezi, na Lahiri alikwenda kuutafuta kwa makusudi uhuru ambao Muni na mimi tumepewa kwa lazima.

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Kiingereza India hakikuanguka kama mvua juu ya wote. Kilipandwa kwa sera; waraka wa mwaka 1835 wa Macaulay, afisa wa utawala wa Kiingereza, ulitaka wazi tabaka la Wahindi wenye ladha na fikra za Kiingereza la kusimama kati ya watawala na watawaliwa, na matunda yake bado yanaonekana. Katiba ya India ina jedwali la lugha 22 na Kiingereza hakimo, lakini mahakama ya juu, vyuo vikubwa na ajira nono vinakitaka. Waandishi wa Kimarathi, Kihindi, Kimalayalam na wengineo wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wenzao wa Kiingereza ndio wanaopata wachapishaji wa London na wahakiki wa New York, huku hadithi bora zikibaki ndani ya lugha zenye mamilioni ya wasomaji na tuzo chache. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata Narayan aliandika juu ya watu ambao wengi wao wasingeweza kumsoma. Nasi tunaijua hali hiyo. Tuna barua za serikali ambazo anayeandikiwa hutafuta mjukuu amsomee.

Ndiyo maana habari za Mei 2025 zilinifurahisha. Tuzo ya Kimataifa ya Booker ilikwenda kwa Heart Lamp, hadithi 12 za Banu Mushtaq, mwanasheria na mwanaharakati wa jimbo la Karnataka, alizoziandika kwa Kikannada kati ya mwaka 1990 na 2023. Ulikuwa mkusanyiko wa kwanza wa hadithi fupi kuipata tuzo hiyo. Mfasiri wake, Deepa Bhasthi, aligoma kuyalaza maneno ya Kikannada, Kiurdu na Kiarabu kwa herufi za mlazo, na hakuweka tanbihi chini ya ukurasa. Msomaji asiyejua atajua mbele ya safari, au hatajua.

Msomaji wa pwani ya Kiswahili atajua mapema kuliko wengi. Hadithi hizi ni za wanawake wa Kiislamu wa kusini mwa India: talaka, eda, mahari, mume aliyeoa wa pili, ndugu wanaomrudisha dada kwa mume ili aibu isiwafike. Katika Black Cobras, mwanamke aliyetelekezwa na mumewe, yeye pamoja na watoto, anakwenda msikitini kudai haki kwa msimamizi, ambaye anamkwepa. Katika hadithi iliyokipa kitabu jina, Mehrun amerudishwa kwa mume aliyempata mwingine, na usiku anachukua mafuta ya taa. Binti yake mkubwa ndiye anayemzuia. Red Lungi inaanza kwa vichekesho, mama aliyechoshwa na watoto wa ukoo mzima waliojazana likizo, anaamua wavulana watahiriwe wote kwa mkupuo, na hapo hapo inageuka habari ya maskini na matajiri: wa maskini wanakatwa kwa mtindo wa jadi, wa matajiri wanapelekwa hospitali. Nilikisoma kwa Kiingereza, lakini kwa kiasi kikubwa nilikisikia kwa Kiswahili cha Tanga.

Mara nyingi naulizwa na vijana kama kusoma Wahindi hakutaharibu Kiingereza chao. Wanafikiria lafudhi za kuchekesha za kwenye simu. Nawajibu kwamba sarufi ya Narayan ni safi kuliko ya magazeti mengi ya London, na kwamba Anita Desai, binti wa mama Mjerumani na baba Mbengali, alijifunza kusoma na kuandika kwa Kiingereza shuleni na akaandika hadithi kama Games at Twilight, ya mtoto aliyejificha vizuri mno hadi wenzake wakamsahau, kwa Kiingereza ambacho mwalimu yeyote angekionea fahari.

Namna ya kusoma ni hii, kwa maoni yangu. Soma hadithi nzima mara ya kwanza bila kamusi, hata ukiona giza. Mara ya pili chukua penseli na upigie mstari yale tu yaliyokuzuia kuelewa nani kafanya nini. Majina ya nguo, vyakula na miungu yaache yapite. Mara ya tatu isome kwa sauti, ikiwezekana kwa mtu. Usianze na Lahiri. Sentensi zake ni nyepesi lakini ukimya wake ni wa watu wazima. Usianze na Rao. Anza na Anand na mtoto wake aliyepotea, uende kwa Bond, kisha ukae Malgudi muda mrefu kadiri unavyopenda.

Na mwalimu wa kidato cha pili aliyebakiwa na kipindi kimoja cha Kiingereza Ijumaa mchana, wanafunzi wamechoka na yeye amechoka, namwomba aweke kando zoezi la vitenzi na awasomee An Astrologer's Day. Ni kurasa chache, na inakwisha kabla kengele haijagongwa.